Mlango wa Chumba cha Sala

Lifti ya duka kubwa ilikwama katikati ya ghorofa ya pili na ya tatu, siku ya punguzo la bei, watu wakiwa wamejaa humo kama njiti ndani ya kiberiti. Mama mmoja mnene akaanza kumwita Mungu. Bwana mmoja mwenye tai akaanza kumwita meneja. Na dada mmoja mwenye miwani ya fremu nyekundu, blauzi ya kijani iliyonyooka kwa pasi na sketi nyeusi ya kazini, hakumwita mtu. Aliinama akaanza kuivuta mifuko yake karibu na miguu, mmoja mmoja, kama kuku anayekusanya vifaranga mwewe akipita.

Juu yao mlango ukakwaruza, ukafunguka nusu. Mwanga ukaingia, kisha ukafuata uso wa mwanamume mwenye doa la grisi shavuni.

"Jamani, msiruke na msisukumane," akasema taratibu. "Lifti haianguki. Imechoka tu, kama ninyi."

Akalala kifudifudi juu ya sakafu, akateremsha mkono, akaanza kuwapandisha. Mama mnene alitoka huku akimshukuru Mungu, bwana wa tai akatoka huku akimlaani meneja. Ikafika zamu ya dada mwenye miwani.

"Haya dada, nipe mkono."

"Chukua mifuko kwanza."

"Mifuko kwanza?"

"Mifuko kwanza, mimi baadaye."

Waliobaki nyuma wakaangua kicheko. "Mtoe huyo na ukoo wake wa mifuko, fundi, tupate hewa!" mmoja akapiga kelele.

Fundi akaipokea. Kila akidhani imekwisha, mwingine unakuja. Alipompandisha mwenyewe hatimaye, dada yule alikuwa ametota jasho, na miwani imemteleza hadi ncha ya pua.

"Nimetoa watu kwenye lifti miaka mingi," Fundi akamwambia. "Wapo wanaosema mtoto kwanza, wapo wanaosema mgonjwa kwanza. Mifuko kwanza ndiyo naisikia leo. Una ndugu wangapi nyumbani?"

"Ni zawadi. Za watu wa ofisini."

Uongo huo ulimtoka bila hata kumeza mate. Ofisini kwao walikuwa watu wachache tu: ilikuwa kliniki ya macho, naye kazi yake ni kuwachagulia wagonjwa fremu na kuwakazia skrubu za miwani. Hakuna aliyemtuma hata soksi.

"Basi nipe namba yako," Fundi akasema.

"Ya nini?"

"Lifti ikikwama tena nijue kama umo ndani. Nije na gari la mizigo."

Dada yule akacheka. Alikuwa na kicheko kizito, cha kutoka tumboni, kisicholingana na mwili wake mwembamba, na kicheko hicho ndicho kilichomnasa Fundi. Akampa namba. Kwa kuwa hakumwambia jina, Fundi akamwandika kwenye simu "Miwani", na toka siku ile jina likawa hilo hilo.

Alipiga kesho yake asubuhi.

"Mifuko haijambo?"

"Haijambo, inakusalimu."

"Na mwenye mifuko?"

"Mwenye mifuko yuko kazini, ana mgonjwa mbele yake."

"Mwambie mgonjwa asubiri, na mimi naumwa."

"Unaumwa nini?"

"Macho. Toka jana yanaona kitu kimoja tu."

"Hebu niondokee!" Akakata simu huku akitabasamu, na mgonjwa aliyekuwa mbele yake, mzee wa watu, akauliza kama hiyo fremu aliyovalishwa inachekesha kiasi hicho.

Mapenzi yakaota. Fundi alikuwa mtu msafi akishavua ovaroli: shati jeupe, suruali ya kahawia yenye mstari wa pasi, viatu vidogo vilivyong'arishwa, maana miguu yake ilikuwa midogo kama ya mvulana, na Miwani alimtania hadi akachoka. Alikuwa pia mtu wa sala. Kabla ya kuingia kwenye shimo la lifti, mahali ambapo juu ni giza na chini ni giza, husimama akasema maneno mawili matatu na Mola wake. Hakujionyesha kwa hilo. Alilifanya kama mtu anavyofunga kamba ya kiatu.

Jumapili moja mchana akaja kwa Miwani mara ya kwanza. Nyumba ilikuwa safi, ya kupendeza: sebule ndogo yenye mapazia ya rangi ya zabibu, jiko linalonukia sabuni, chumba cha kulala, na mwisho wa ujia mlango mmoja umefungwa kwa ufunguo.

"Na kule?" Fundi akauliza, akielekeza kidevu.

Miwani akasogea mbele yake. "Kule," akasema, "ni chumba cha sala cha marehemu mama. Toka alipoondoka sikifungui."

Fundi hakuuliza la pili. Alivua kofia yake, akaenda hadi kwenye mlango ule, akasimama, akainamisha kichwa. Midomo yake ilicheza kidogo. Aliporudi sebuleni alizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyepita makaburini.

"Mungu amrehemu mama," akasema. "Nimemwombea."

Miwani alikwenda jikoni akashika ukingo wa sinki, akatazama maji yanayodondoka.

Uongo wake ulikuwa na nusu ya ukweli, na uongo wa namna hiyo ndio unaochoma. Kweli mama yake alisali mle. Kila alfajiri bibi yule alipiga magoti kando ya dirisha, na binti akasikia sauti yake ukutani kama mtu anayepepeta. Alipokufa, nyumba ilinyamaza hata Miwani akaogopa kurudi toka kazini. Hapo ndipo alipoanza kupitia madukani. Siku ya kwanza alinunua pazia la kile chumba. Siku ya pili mto. Kisha nguo, kisha viatu, kisha mabakuli, taa, mashuka, birika la chai na birika la kuongozana nalo. Alinunua hata viatu vya kiume, vikubwa, vyeusi, vya mume ambaye hajamjua bado, kwa sababu bei ilikuwa imeshuka. Raha ya kununua ilianzia machoni, ikashuka mikononi, ikafia kizingitini. Akiingia ndani, mfuko huwa kitu kizito tu kinachotaka mahali. Anaufungulia kile chumba, anausukuma, anafunga. Vibandiko vya bei havikutolewa hata kimoja. Mahali mama alipokuwa akiweka magoti palijaa hadi usawa wa dirisha.

Kila asubuhi alisali pia, kwa haraka, akivaa viatu: "Ee Mungu, leo nisinunue." Lakini pochi ilikuwa imekwisha kuingia kwenye mkoba kabla ya amina.

Mtu mmoja tu alijua, mdogo wake, msusi wa nywele, mwenye ulimi usio na breki.

"Ulimwambia nini?" Msusi akauliza kwenye simu, mikono ikiwa kichwani kwa mteja na simu imebanwa begani. "Chumba cha sala?"

"Neno lilinitoka."

"Dada! Umemsingizia mama, mama aliyekufa na kanga mbili?"

"Usinipigie kelele, wateja watasikia."

"Wasikie! Mwanamume wa watu anapiga dua mbele ya mabakuli! Wewe vitu vimeshakuwa mungu wako, sasa umevitafutia na muumini."

Miwani alilia. Msusi akalainika, maana damu ni damu. "Mwambie ukweli, dada'angu. Njia ya mwongo ni fupi."

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Kila Jumapili Fundi alipokuja, kabla ya kukaa, alikwenda mwisho wa ujia na kofia mkononi. Siku nyingine alimwombea marehemu. Siku nyingine aliomba juu ya kazi, kama kulikuwa na lifti mbovu inayomsubiri. Mara moja Miwani alimsikia akimtaja yeye, kwa jina lake halisi, akimwombea moyo mtulivu. Alikimbilia chumbani akauma mto. Jioni ya kesho yake, akitoka kazini, akanunua mto mwingine.

Kisha, siku ya Jumatano, simu ikaja.

"Laazizi, una nafasi Jumamosi?"

"Kwako wewe ninayo."

"Namleta mama. Anataka kukuona, ila kwanza ana ombi. Wanampasua jicho mwezi huu, na anaogopa. Nimemsimulia habari za chumba cha mama yako. Anaomba aingie asali mle."

Miwani akaondoa simu sikioni, akaitazama.

"Halo? Umekata?"

"Nipo."

"Na mimi nina neno langu la kusema mbele yenu wote wawili," Fundi akaongeza, sauti imekuwa ya aibu. "Ila hilo si la kwenye simu."

Mwanamke yeyote angelijua neno hilo ni lipi. Miwani alilijua, akalitamani kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote nyuma ya kioo cha duka, na papo hapo akaukumbuka ule mlango.

Akaomba ruhusa ya Ijumaa kazini ili akiondolee vitu kile chumba. Aliamka na nia safi. Akafungua mlango, akatazama lundo, akajiambia kwamba kazi hii haiwezekani bila masanduku. Akaenda dukani kununua masanduku. Na alipokuwa dukani akaona zulia dogo la rangi ya maziwa, laini, akawaza magoti ya mama mkwe. Akalichukua. Zulia likataka pazia la kulingana nalo. Alirudi nyumbani amebeba vitu vipya badala ya kutoa vya zamani. Akavisukuma ndani, akakaa chini sakafuni katikati ya ujia, akajiona mwendawazimu.

Akampigia Fundi. "Mpenzi, naumwa. Kesho haitawezekana."

"Unaumwa nini?"

"Kichwa, mwili wote. Mwambie mama anisamehe."

Angejua mapenzi ya Fundi yalivyokuwa asingetaja ugonjwa. Mchana ule ule alitoka kazini na ovaroli yake, akapita duka la dawa, akanunua na machungwa njiani, akaja mbio. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Akaingia, akasikia kishindo mwisho wa ujia. Mlango wa chumba cha sala ukafunguka kidogo na Miwani akajichomoa humo kwa ubavu, nywele zimejaa vumbi, shingo imeloa. Alipomwona Fundi, aliuvuta mlango kwa nguvu. Haukufunga. Kiatu kilikuwa kimeuzuia, kiatu cha kiume, cheusi, kikubwa, kinachong'aa.

Fundi alikitazama kile kiatu. Kisha akatazama miguu yake mwenyewe.

"Cha nani?"

Ndani ya chumba kitu kikaanguka tena, pu! kama mtu aliyejikwaa.

"Yumo ndani?"

Ilitosha kusema "hakuna mtu". Lakini neno hilo lingetaka ushahidi, na ushahidi ulikuwa nyuma ya mlango. Miwani aliona mbele yake njia mbili: aonekane malaya, au aonekane alivyo. Akausukuma mgongo wake kwenye mlango.

"Kila Jumapili," Fundi akasema polepole, "nasimama hapa, kofia mkononi, namwombea mama yako. Kumbe namsalia mwanamume mwenzangu."

"Fundi..."

"Mwambie atoke. Simpigi. Nataka nione tu anayeombewa na mimi ana sura gani."

"Nenda," Miwani akasema. "Tafadhali nenda tu."

Akaweka dawa na machungwa juu ya meza, kwa utaratibu, kama mtu anayeweka vyombo vya msiba. Akaondoka bila kubamiza mlango. Miwani angeshukuru kama angeubamiza.

Siku zilizofuata alikwenda kazini kama kawaida, akakaza skrubu, akafuta vioo, akasema "karibu" na "pole". Ndani alikuwa anajikaanga kwa mafuta yake. Alikuwa amefanya hesabu ya ajabu: kumpoteza mtu ili kulinda mabakuli. Na kila alipojaribu kusali, alijiona akipiga magoti na Mungu akimuuliza kwa upole, "Wapi?"

Ndipo asubuhi moja akaingia kliniki mama mfupi, kitambaa cha bluu kichwani, anapapasa kuta. Akakalishwa mbele ya Miwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ndiwe Miwani?"

Miwani akadondosha fremu. Pua ilikuwa ile ile ya Fundi.

"Usiogope, sikuja na rungu," bibi akasema. "Mwanangu amekuwa mtu wa kutazama ukuta. Nikambana, akasema una mtu wako, amejificha kwenye chumba cha mama yako."

"Mama, naomba..."

"Ngoja nimalize. Hayo yenu ya ujana ni yenu. Mimi nimekuja kwa shida yangu. Kisu nakiogopa, binti. Nilishaweka moyoni kwamba nitasali mahali ambapo mcha Mungu mwenzangu alisali miaka. Sasa naomba hivi." Akasogea karibu, akashusha sauti. "Huyo bwana wako hawezi kutoka kidogo? Akazunguke mtaani, mimi nisali, nikimaliza arudi zake. Sitamwambia mwanangu."

Miwani alicheka. Kicheko kile kizito kilimtoka bila ruhusa, na mwisho wake kikawa kilio, akaweka kichwa juu ya meza katikati ya miwani za watu.

"Hakuna mtu, mama. Hajawahi kuwemo mtu. Kuna vitu."

"Vitu gani?"

"Nguo. Viatu. Vyombo. Nanunua, naviweka mle, nafunga. Sivitumii."

"Vya biashara?"

"Si vya biashara."

"Sasa vya nini?"

"Sijui, mama. Wallahi sijui."

Bibi akageuza geuza ncha ya kitambaa chake. "Kwa hiyo ulimwacha mwanangu aamini una hawara, kuliko ajue una mabirika?"

"Ndiyo."

"Lo! Afadhali hawara, huyo hula akaondoka. Birika linaondokaje?" Akaushika mkono wa Miwani kwa kupapasa, mpaka akaupata. "Mficha uchi hazai. Mpigie simu. Hapa hapa, nikisikia."

Akapiga. Simu ikaita sana.

"Unasemaje?" Fundi akasema, sauti kavu.

"Nakuomba uje nyumbani ukitoka kazini. Nataka ufungue ule mlango kwa mkono wako."

"Nifungue nione nini?"

"Uone nilichokufanya ukisalie."

Alikuja na ovaroli, uso umekunjwa. Miwani akampa ufunguo, akasimama nyuma yake, mikono kifuani kama mtu anayengoja hukumu. Ufunguo ukazunguka lakini mlango ukagoma, maana vitu vilikuwa vimeuegemea kwa ndani. Fundi akatia bega. Ukaachia kidogo, na mifuko ikaporomoka ikamfunika hadi magotini: blauzi, mito, taa zisizowahi kuwashwa, viatu vyeusi vya yule mume asiyekuwepo, vyote na vibandiko vyake.

Akaokota kiatu, akatazama soli. Safi, haijagusa ardhi.

"Hakuna mtu," akasema.

"Hakuna."

Miwani alidhani atafurahi. Badala yake aliona hasira ikipanda shingoni, hasira kubwa kuliko ile ya kwanza.

"Mwanamume ningemwelewa! Mtu hupenda, moyo hauna macho. Lakini ulinitazama nikisali hapa. Ulinitazama, ukaenda kupasha chai!"

"Nilijua, na nikanyamaza. Kila Jumapili nilinyamaza. Sina la kujitetea."

"Na hizo sala zangu zilikwenda wapi? Mungu alikuwa wapi?"

Miwani akavua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya blauzi. Bila miwani uso wake ulikuwa uchi kama wa mtoto.

"Mle ndani hakukuwa na nafasi," akasema. "Nadhani alisimama ujiani na wewe. Mimi nilikuwa jikoni, kwa hiyo sikumwona."

Fundi akaegemea ukuta, akateleza hadi chini, akakaa katikati ya mifuko. Akavuta mmoja, akachungulia.

"Mabirika mawili?"

"La pili lilikuwa la kuongozana na la kwanza."

"Kuongozana kwenda wapi?" Akajaribu kubana kicheko, akashindwa. Kilikuwa kicheko chenye uchungu, lakini kilikuwa kicheko.

Haikuwa kazi ya siku moja. Msusi alikuja na gari la kuazima na maneno yake yote. Nguo zikapelekwa kwa wanawake wa wodi ya wazazi, vyombo kwa nyumba ya wazee. Miwani alibeba kwa mikono yake mwenyewe, na kila mzigo uliopita mlangoni ulimvuta kama jino. Alipoachwa peke yake kidogo, alichukua jozi ya viatu vya bluu akaificha chini ya sinki. Akatoka, akaketi, akainuka, akarudi. Akavitoa akaviweka mbele ya Fundi.

"Nilivificha."

"Lini?"

"Sasa hivi. Mlipokuwa garini."

"Sikuona."

"Najua hukuona. Ndiyo maana nakuambia."

Fundi alimtazama, na mara ya kwanza toka Ijumaa ile akamgusa bega.

Walipopata nafasi ya mtu mmoja kando ya dirisha, wakamleta mama. Alisimama kizingitini akanusa.

"Mbona pananukia duka?"

"Tunaondoa vitu, mama, bado hatujamaliza," Fundi akasema kwa haya.

Bibi akapiga magoti kwa taabu, sakafu tupu. Akaomba juu ya jicho lake, akaomba juu ya mkono wa daktari. Kisha akasema, "Na huyu binti, Baba, mikono yake haitulii. Isaidie kushika kitu inachoweza kushiba nacho." Miwani, nyuma yake, alitaka kusema amina. Macho yake yalikuwa kwenye taa moja nzuri iliyobaki pembeni, na amina haikumtoka kwa aibu.

Mama alipokwisha kupumzishwa sebuleni, Fundi akamvuta Miwani ujiani.

"Nilikuwa na neno langu siku ile, nikalirudisha nyumbani. Nilitoe?"

"Usilitoe."

Uso ukamshuka. "Hunitaki?"

"Nakutaka hadi naumwa! Lakini mimi husema ndiyo kwa kila kinachopita mbele yangu. Nikisema leo, hutajua kama ni ndiyo ya mke au ndiyo ya mnunuzi. Na mimi sitajua. Niulize siku nitakayoweza kuingia dukani nikatoka mikono mitupu."

"Nitaijuaje?"

"Uliza tu kila Jumapili. Nitakuambia kweli."

Akauliza. "Leo je?" alisema kwenye simu, akiwa juu ya paa la jengo fulani, upepo ukivuma. "Bado. Juzi nimenunua mwavuli." "Leo je?" "Bado, mpenzi. Bakuli." "Bakuli tena? Mungu wangu, utafungua hoteli!" Mama akapasuliwa jicho, akapona, akaanza kuona hata mambo yasiyomhusu. Fundi aliuliza akiwa na furaha, akauliza akiwa amechoka. Ikafika Jumapili moja asiulize kabisa. Alizungumza habari za kazi, akaaga. Miwani akabaki ameshika simu, akaelewa kwamba hata subira ya mtu mwema ina ukingo, na kwamba ni yeye anayeisogeza hapo kwa mikono yake.

Kesho yake, saa za kutoka kazini, alijikuta dukani. Hakukumbuka hata alivyoingia. Mkononi alikuwa na kikapu, na mbele yake foleni ya malipo inasogea. Akatoa simu kwenye mkoba.

"Fundi."

"Naam. Kuna nini? Sauti yako!"

"Niko dukani. Nina kikapu."

Fundi alikuwa ndani ya shimo la lifti, spana mkononi. Akaitua. "Mna nini ndani?"

"Shuka. Na vikombe. Vina maua."

"Vinapendeza?"

"Vinapendeza mno," akasema, akaanza kulia pale pale kwenye foleni. Watu wakageuka.

"Kiweke chini, kipenzi."

"Siwezi."

"Sikukatii simu. Kiweke."

Kelele za duka zikasikika, kengele za mashine za malipo. "Nimekiweka."

"Sasa tembea. Niambie unapoona."

"Nimepita mashuka. Nimepita viatu... Fundi, kuna vyekundu."

"Wacha viwe vyekundu. Tembea."

"Naona mlango. Kuna mlinzi."

"Toka."

Mlinzi wa mlangoni, kijana mrefu mwenye sare ya kijivu, alimwona mwanamke anayelia, simu sikioni, anakuja mbio bila mfuko. Akanyoosha mkono kumzuia, kama kazi yake inavyomtaka.

"Dada, risiti yako?"

"Sina," Miwani akasema. "Sijanunua kitu." Akamfungulia mkoba, akamwonyesha viganja, kimoja kisha kingine.

Mlinzi akavitazama, akapisha.

Nje kulikuwa na jua na vumbi na honi za magari. Aliegemea ukuta wa duka.

"Nimetoka," akasema.

Simuni akasikia Fundi akipumua, na mwangwi wa shimo lile refu ukirudisha pumzi yake juu na chini.

"Basi nakuuliza," Fundi akasema.

"Si Jumapili leo."

"Miwani, usinitese!"

"Ndiyo," akasema, kwa sauti iliyomfanya mlinzi ageuke. "Ndiyo, ndiyo. Sina hata kitu mkononi, Fundi. Ndiyo."